Vidole Viwili Juu ya Sambaza

Jioni moja Kadutu, mafuta hayajapata moto,
Nsimire, miaka mitatu na miezi yake,
alichuchumaa mbele ya beseni la sambaza,
akachagua mmoja, mwembamba kama msumari,
akaweka vidole viwili juu yake,
akavisambaza.

Samaki hakukua.

Akarudia. Gumba huku, cha shahada kule,
kwa subira ya fundi saa.
Kisha akanitazama mimi, mwenye beseni,
kana kwamba nimemuuzia kitu kibovu.

Nilicheka. Mama Ashuza, jirani, alicheka hadi akashika ukuta.
Usiku kicheko kilinigeukia tumboni.

Kwani nani alimpa?
Si shule, si mji, si hao “watoto wa siku hizi”.
Ni mimi, siku za kupiga hesabu za madeni,
niliyesema: shika, nyamaza kidogo.
Na kidogo ikawa mega mia tano,
ikawa wali unaoingia kinywani bila kutazamwa,
ikawa kilio kisicho na machozi,
kilio cha betri.
Kaka yake, Mugisho, ana miaka tisa:
anayajua magari yote ya mbio kwa majina,
hajui mlango wa bibi yake kule Bagira
umepakwa rangi gani.

Nikatunga sheria, kali kama forodha ya Ruzizi:
hakuna simu, kabisa, milele.
Milele ilidumu siku mbili.
Ya tatu nilimkuta Mugisho chooni,
mwanga wa buluu ukivuja chini ya mlango
kama maji ya bomba lililopasuka.

Basi tukaanza upya, kwa sauti ndogo.
Mchana nusu saa, wakiwa wamekaa ubavuni mwangu,
wakinieleza wanachokiona,
nami nikiuliza maswali kama mgeni.
Saa moja jioni simu zinaingia
katika sufuria ya ugali iliyotoboka.
Simu zote.
Yangu pia; hapo ndipo palipouma.

Wiki ya kwanza walinichukia kwa bidii.
Nsimire aligonga kifuniko:
“Mfungulieni, amelala vya kutosha!”
Mugisho alizunguka nyumba
kama mtu aliyepoteza funguo,
akafungua kabati, akalifunga,
akauliza kama kesho ni mbali.

Kisha SNEL ikakata umeme, kama desturi yake,
na kwa mara ya kwanza sikuilaani.
Mvua ilikuwa juu ya mabati. Giza lilikuwa na harufu ya mafuta ya taa.
Kutoka kwenye mkeka, sauti ya uchovu:
“Kitendawili.”
“Tega.”
“Nyumba yangu ina dirisha, lakini upepo haupiti.”

Nilijifanya sijui. Nikasema jicho, nikasema kioo.
“Nipe mji.”
Nikampa Uvira. Akaukataa, eti una joto.
Nikampa Kisangani yote, pamoja na mto wake.
Akakaa kitako kama chifu, akajikohoza,
na kabla hajatoa jibu
jibu likatetemeka ndani ya sufuria,
likigongagonga chuma kama kuku aliyefungiwa.

Labda mteja. Labda dada yangu wa Uvira.
Mkono wangu ukaondoka gotini peke yake.
Watoto hawakuitazama sufuria.
Waliutazama mkono.

Mara ya tatu. Ya nne. Kimya.

“Zamu yako, mama,” akasema Mugisho.
“Na usitege rahisi.”