Gramu Mbili

Nkwimba kaileta kwa bodaboda toka Igogo,
tyubu ya lori imejaa moshi wa boila
ya kiwanda cha minofu. Kaikumbatia njia nzima
kama mtoto wa watu.

Nyegezi, maabara. Feni imegoma.
Kwenye chupa, chumvi isiyojua kuganda:
nzito, inajivuta kama asali ya Sikonge.
Gesi inabisha hodi. Haifunguliwi.

Tia maji, nasema. Nusu kwa nusu.
Chumvi inalegea.
Sasa mapovu yanaingia chini yamevimba mashavu,
yanapanda, yanakonda,
mengine hayafiki juu.

Mizani: chupa imeongezeka gramu mbili.
Tumeupima moshi, Nkwimba!
Naye kigelegele, hadi mlinzi akachungulia.

Jioni mchochea boila, Lushinge,
akaja kudai tyubu yake.
— Mmemkamata?
— Tumemkamata.
— Mkimchemsha?
— Anatoka, chumvi inabaki, tunaitumia tena.
— Akishatoka, mtamfunga wapi?

Ziwa likanyamaza dirishani, nasi pia.
Akaitundika tyubu begani, akaondoka.

Daftarini: gramu mbili.
Chini yake, kwa kalamu ileile,
nikaandika swali la Lushinge,
nikaacha mistari mitatu.