Dodoso la Wiki ya Sita

Maswali ni kumi na manne,
na kalamu ya chuo imefungwa kwa uzi mezani
kana kwamba nasi tutaiiba.
Zungushia namba: moja, sikubaliani kabisa;
tano, nakubaliana kabisa.
Feni ya ukumbi inazunguka bila kuchagua.

La kwanza. Malengo ya mafunzo yalielezwa wazi.
Nne. Sista Pendaeli aliyaandika ubaoni
sauti yake ikishindana na honi za Upanga:
kusikiliza, kutazama, kutoa dawa kwa wakati.
Hakuandika kuogopa.

La tatu. Nilijisikia salama wodini.
Siku ya kwanza nilisimama mgongo ukutani,
funguo nimezikaba hadi zikaniachia meno kiganjani.
Tandika, shangazi alikuwa ameshanionya:
"Wale usiwape mkono, mwanangu. Huambukiza."
Nilimcheka.
Jioni nikanawa mara tatu,
na ya tatu haikuwa ya usafi.
Hapo niweke namba gani? Naruka.

La tano. Wagonjwa walitosha kwa kujifunza.
Walitosha. Walivizidi vitanda.
Wawili walilala godoro moja sakafuni,
kichwa cha huyu miguuni mwa yule,
kama ndala mpya ndani ya mfuko.

La saba. Niliweza kuitumia nadharia kwa vitendo.
Nadharia: mgonjwa usimpinge, wala usimkubalie.
Vitendo: Mzee Likumbo,
aliyekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini,
anahesabu vifungo vya sare yangu,
asubuhi hadi chai, chai hadi ugali,
na kila mara anaishia sita, anagoma.
"Wenzako wana saba. Cha saba nani kachukua?"
Nikakumbuka daftari. Nikalainisha sauti:
"Naona jambo hili linakusumbua."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Kinachonisumbua ni kifungo. Kiko wapi?"
Nikainama.
Cha chini kabisa, kweli, hakipo.

La tisa. Wakufunzi walinisimamia ipasavyo.
Sista ni mmoja, sisi ishirini na wanane.
Alikuja na orodha, akaweka alama za vema:
amejitambulisha, vema;
ameketi kimo kimoja na mgonjwa, vema;
ananyamaza inapobidi...
kalamu ikasita hewani,
nami nikaendelea kuongea.

La kumi na moja. Mtazamo wangu umebadilika.
Ijumaa ile mvua iliifunga Jangwani,
zamu ya usiku ikakwama ng'ambo ya maji,
tukabaki wanafunzi watatu na muuguzi mmoja.
Umeme ulipokatika, aliyepiga yowe wodini
ni mimi.
Gizani ikaja sauti, kavu, ya kazini:
"Jenereta huchukua sekunde mia na ishirini.
Moja. Mbili. Tatu."
Wodi nzima ikamfuata, hata wale wasiosema.
Tulipofika tisini na nne taa zikawaka.
"Leo wamewahi," akasema Mzee Likumbo,
akajifunika shuka.

Tano, basi. Tano, ingawa
tano haijui lolote kuhusu tisini na nne.

La kumi na tatu. Nimepewa mrejesho kuhusu utendaji wangu.
Nimepewa. Siku ya kuaga aliomba kalamu,
akaniandikia nyuma ya kiganja: 61.
"Mbona chache, mzee?"
"Unasikiliza. Siwezi kukudhulumu.
Ila hiyo saa umeibandika kifuani kichwa chini,
na mimi kila nikifungua mdomo
wewe unainamia kifua."
Wino ulikaa siku mbili.
Sikuusugua.

La mwisho. Maoni mengine. Wameacha mistari miwili.
Nimeandika "wiki sita hazitoshi," nikafuta;
kila mwaka huandikwa hivyo, nadhani,
na kila mwaka karatasi hufungwa kamba,
hupandishwa juu ya kabati.
Nimeandika "shangazi yangu aletwe hata siku moja,"
nikafuta pia, kwa heshima.
Sista anakusanya. Yuko safu ya pili.
Haraka, kwa mwandiko mbaya:

Kifungo kimepatikana chini ya karai la kufulia.
Tafadhali, karani aambiwe. Ni saba.