Asilimia Tatu

Nimeipasua kwa kisu cha jibini,
taratibu, kwenye mshono,
kama mtu afunguaye barua isiyo yake.
Plastiki ikalia kwach, ikaachia.
Ndani, seli sita zimelala mbili mbili
katika ngozi ya buluu iliyofifia,
na moja, ya tatu kutoka ukingoni,
imetokwa na jasho jeupe.

Kumbe ni wewe, nikamwambia.
Ni wewe unayewazimia wenzako taa.

Hrachik wa kaka yangu amesimama mlangoni,
theluji ya Gyumri mabegani.
"Shangazi Varsenik, kipya kinyemi."
Ingawa kidonda, nikamjibu.
Methali huliwa nzima, mwanangu, si nusu.
Hiyo mpya haina tundu la pini tisa,
na mashine ya soksi haijui mlango mwingine.
Umeme ukikatika, mashine husimama ilipo,
sindano zimeng'ata nyuzi, zinasubiri;
laptopu ndiyo inayosahau
tulikuwa mstari wa ngapi wa kisigino.

Seli mpya? Si mpya.
Nimezitoa kwenye fagio la umeme la mfamasia,
lililokufa mota, si moyo.
Nilizichaji, nikazilaza wiki nzima juu ya kabati,
kisha nikazipima tena.
Iliyovuja usiku nikaitupa.
Zilizobaki nimezisawazisha kwanza,
maana usimfunge mwenye njaa na mwenye shibe waya mmoja:
aliye mtupu atamfyonza mwenzake
mpaka wote wawili waote moto.

Sasa kimya, Hrachik. Shika tochi.

Huu ubao mdogo, mwembamba kama kipande cha biskuti,
ndio karani wa betri.
Ukikosa umeme kwa kupepesa jicho tu
hujifunga, na ufunguo hauuzwi popote.
Kwa hiyo nimeuwekea nyaya mbili za pembeni
ziulishe wakati natoa za zamani,
kama wafanyavyo madaktari
moyo wa mtu ukiwa mikononi mwao.

Lehemu siigusishi, joto lake huchoma seli tumbo.
Nina kichomeo nilichosuka mwenyewe
kwa transfoma ya tanuri.
Tsk. Ukanda wa nikeli umeshika.
Tsk. Tsk.
Cheche ya nne ikaniangukia kwenye sweta,
nikanusa sufi yangu mwenyewe inaungua.

Tukafunga kwa utepe. Tukaisukuma mahali pake.
Taa ya kijani.
Hrachik akapiga makofi, kisha akasoma kioo,
makofi yakakatika:
asilimia tatu.

Voltimita inasema kumi na mbili nukta nne.
Karani anasema tatu.
Anasoma daftari la marehemu.
Kila kikohozi cha zile seli alikiandika,
na hakuna aliyemwambia kuwa waliohamia ni wengine.

Kiwanda cha soksi kilipofungwa,
karani mmoja mwenye wino mkononi
aliandika kwenye kadi yangu: hafai tena kwa zamu.
Niliitembeza kadi hiyo miaka tisa,
nikikaa chini kabla sijachoka.

Karani habishiwi. Hufundishwa.
Ijaze mpaka ikatae, iachie mpaka izime,
ijaze tena.
Hrachik amelala kando ya jiko na viatu vyake.
Mimi nimekaa, nimejifunika shali,
namwangalia akisema tatu, tatu, tatu,
saa ya kwanza, saa ya pili,
huku kioo kinawaka na kuwaka
kwa nguvu asiyoiamini.

Saa kumi alfajiri kioo kikazima.
Nikachomeka waya, nikaenda kukanda unga.

Asubuhi: tisini na moja.
Si mia. Sikumuuliza iko wapi tisa.
Nikamwamsha mtoto, nikavaa miwani,
tukarudi kwenye kisigino,
mstari wa arobaini na mbili.