Tufaha la Saa Saba

Jumatatu ya Februari mjini Łódź, theluji imeziba madirisha ya chini,
kipanya cha Kinga kikafa mkononi mwake.
Alikisukuma, akakigonga mezani, akakipuliza tumbo;
mshale ukabaki pale pale kwenye kioo,
juu ya dai la mtu wa Bałuty aliyepasukiwa bomba.
Fundi, akaambiwa, atakuja Alhamisi.

Meza ya pili, Wiesława hakugeuza shingo.
Miaka thelathini na mmoja katika bima,
miwili tu imebaki afikie pensheni.
"Kimekufa? Kizikwe," akasema. "Vidole unavyo."

Kinga akaanza upya kama mtoto wa chekechea:
kidole cha mwisho kwenye Kontroli, cha shahada juu ya C,
jina la mdai limenakiliwa;
V, limebandikwa;
S, limehifadhiwa;
F, na dai la mwaka juzi likaibuka
kutoka elfu kumi yaliyolala.
Alti ya kulia na L, na ł ikapata kovu lake kifuani;
Alti na E, na ę ikaota mkia,
maana huko mtu akiandikwa jina bila mkia
si yeye tena, na fidia humpita mlangoni.

"Usiitazame mikono," Wiesława akasema.
"Ukifunga kamba za viatu, huvitazama?"
Kinga akajibu ndiyo,
na mama yule akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kontroli na Z aliipenda kupita kiasi.
Alikosea makusudi apate kuibonyeza.
Nami ninayewatazama kutoka katika lugha ya mbali
nasema: sisi kitufe hiki tulikuwa nacho mdomoni
kabla ya umeme.
Funga, fungua. Kunja, kunjua. Fukia, fukua.
Tega, tegua. Tenda, tendua.
Sauti ndogo mwishoni, na jambo limerudi lilikotoka.
Ila si kila neno hukubali.
Nimejaribu na zeeka.
Nimejaribu na sema.

Jumatano, saa saba mchana, Kinga alikuwa amemaliza.
Mafaili arobaini na mawili, yote yamefungwa.
Akasimama, kifua mbele, aende kumwambia bosi.
"Kaa."
Sauti ya chini, kama ya mtu aliye kanisani.
"Kaa chini, mwanangu."
Kisha akamsimulia mwaka aliojifunza yeye,
alivyokimbia hadi kwa Bwana Gniewomir mikono mitupu, anatabasamu,
akarudi amekumbatia rundo la Halszka
na la mwingine aliyekuwa likizo.
Punda akikimbia, huongezwa gunia.

"Imebaki moja," akasema, "haimo kitabuni."
Alti, na kile kitufe cha Tabu,
ambacho kwetu kingekuwa kimepewa jina lake halali,
kwani hubonyezwa tabu inapokaribia:
dirisha moja linazama, jingine linapanda,
jedwali refu, la kijani, zito kwa tarakimu,
ambalo hata bosi hulipita akiliheshimu.

Nyuma ya jedwali hilo Wiesława akafungua droo,
akatoa tufaha, na kisu kidogo cha mpini wa njano.
Akaanzia kwenye kikonyo.
Kidole kile kile kilichoruka asubuhi nzima
sasa kilitambaa,
ganda likashuka utepe mmoja, jekundu, jembamba,
likijizungusha hadi magotini.
Tramu ikapita. Ikapita nyingine.
Utepe haukukatika.
Dakika zote alizozichuma kwa vidole tangu asubuhi
alizitumia hapo, bila kubakiza chenji.

Alhamisi fundi akaja na kipanya kipya ndani ya boksi.
Kinga akatia saini, akakisukuma ndani ya droo
kikiwa bado kimefungwa nailoni,
akainama kuelekea meza ya pili
na kuuliza kama kuna kisu kingine.