Njia ya Tatu

Miaka sita pale yadi ya Tabora waliniita Zimamoto,
nami nikalivaa jina kama sare.
Behewa limekosewa? Nipo.
Breki zimekamata, wapakiaji wamegoma, fomu haina mhuri,
saa nane za usiku nipo, filimbi mdomoni,
nakimbia juu ya kokoto toka kichwa hadi mkia,
na asubuhi shati langu laweza kusimama lenyewe kwa chumvi.
Jasho nililihesabu kama mshahara wa pili.

Kwa hiyo cheo cha msimamizi kilipokwenda kwa Kalunde Msabila
sikulala.
Kalunde! Aliyezoea kukaa kwenye kiti cha mbao
akiutazama ubao mweusi kana kwamba una sinema,
chaki sikioni, chai inapoa.
Nikasema kantini, kwa sauti, ili afikishiwe:
"Kumbe siku hizi mtu hupanda kwa kukaa."
Alifikishiwa.
Akanipanga zamu moja naye.

Usiku ule tulikuwa na mabehewa kumi na tisa ya magharibi:
mbolea ya Urambo, saruji ya Kaliua,
mawili matupu ya kufuata chumvi Uvinza,
na dizeli ya Kigoma.
Nikaanza kuunga lililo karibu na lililo karibu,
kama mtu avaaye viatu kabla ya suruali.
Hakunizuia. Aliuliza tu:
"Urambo watafungua lipi kwanza?"

Nikatazama. Mbolea ilikuwa katikati,
imebanwa, saruji mbele, dizeli nyuma.
Na hapo nikaiona alfajiri ya Urambo:
mtu nisiyemjua, koti limelowa umande,
anavunja treni yangu vipande vitatu ili atoe kitu kimoja,
anakimbia juu ya kokoto,
naye pengine wanamwita Zimamoto.

Mioto yote ile.
Mingapi niliiwasha mwenyewe jioni,
nikaizima usiku,
nikapigiwa makofi asubuhi?

Sikujifunza kwa siku moja, nisidanganye.
Mikono iliniwasha kwa kukosa cha kushika.
Lakini nilianza kuanzia mwisho:
Kigoma, pale reli inapogota ziwani,
kisha nirudi nyuma, Uvinza, Kaliua, Urambo,
kama anayefumua mkeka ukili kwa ukili,
mpaka nifike hapa nilipo na maswali mawili:
sasa niguse lipi,
na lipi nisiliguse?
Hilo la pili ndilo lenye mifupa.

Kalunde alipohamishwa, ubao ukawa wangu.
Akaja mkaguzi mwenye viatu visivyojua vumbi,
akaiona njia ya tatu haina kitu.
"Ijazeni. Nafasi ni fedha."
Nikamwandikia hesabu ya mwezi mzima,
kila saa iliyopotea kwa kukosa pa kugeuzia.
Hakuafiki. Alichoka tu kubishana.

Ijumaa iliyopita, saa tisa usiku, simu kutoka Malongwe:
kichwa kinachemka, treni haiwezi kusubiri, inaingia.
Vijana wakaruka, mmoja filimbi tayari mdomoni,
nikajiona mimi mwenyewe akinipita mlangoni.
Nikasema: "Waingizeni ya tatu."
Basi.
Nikarudi kwenye chai. Ilikuwa bado ya moto.

Nyumbani Isevya, Nyanzala alichukua shati kulifua,
akaligeuza, akalinusa kwapani.
"Jana hukwenda kazini?"
"Nilikwenda."
"Ukafanya nini?"
"Kuna njia moja niliiacha tupu."
Akalitazama shati. Akanitazama mimi.
"Na kwa hilo wanakulipa?"