Mahali Sindano Iliponasa

Al-Khuwair, mwezi wa nane, nje digrii arobaini na sita.
Ndani kiyoyozi kinanguruma kwa nota moja isiyochoka.
Nilimwambia fundi akizime, akakataa.
Basi mngurumo wake nikaupa besi nne, uwe wetu.

Mezani pangu ipo santuri ya jazi, jalada la kijani.
Watu watano wa Chikago waliingia studio asubuhi moja
bila karatasi, wakatoka jioni na dakika arobaini
ambazo walimwengu hawajamaliza kuzisikiliza.
Kwetu jina lake halikutamkika. Tuliiita Kijani.
Baba aliinunua Darajani kwa mshahara wa wiki mbili,
ikavuka naye ndani ya foronya, katikati ya kanzu,
na hapa Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la taa,
ikapigwa kila Ijumaa wali ukiwa motoni.

Nimepewa miezi saba niigeuze iwe ya okestra:
wapigaji sitini na wawili wasomao,
na watano wa papo kwa papo, wasiotaka kusomeshwa.
Usidhani ni kazi ya kunakili.
Kuzipa fidla ishirini pumzi ya tarumbeta moja
ni kama kuwataka watu wa harusi nzima
wapige chafya moja.

Kwa hiyo nimefuta. Nimefuta kuliko nilivyoandika.
Ukurasa wa thelathini na moja una mizani kumi na sita, hazina kitu.
Mundhir wa fidla ya pili akanyanyua upinde:
“Hapa umesahau.”
“Sijasahau.”
“Sasa sisi tufanye nini?”
“Msikilizeni Lutfiya.”
Lutfiya wa Suri, tarumbeta, aliyefunzwa na bendi ya gwaride,
hufumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Kisha ukurasa wa arobaini.
Hapo santuri yetu ina mkwaruzo.
Sindano hunasa: sauti tatu za saksafoni,
zilezile, zilezile, zilezile,
mpaka mtu ainuke akaligonge kabati kwa kidole.
Mtu huyo alikuwa mama. Aliacha kisu, aliacha kitunguu,
akagonga, muziki ukaendelea, akarudi jikoni
hajasema neno. Miaka ishirini.
Simjui mpigaji mwingine aliyeilinda zamu yake hivyo.

Nilipokuwa masomoni niliisikia nakala nzima.
Ilipopita pale bila kunasa
nilihisi nimeibiwa.

Nimeuandika mkwaruzo.
Meneja akaniita pembeni: wajuzi watasema umekosea.
Waseme.

Jana nilimleta mama mazoezini, kwenye kiti cha magurudumu,
shali begani kwa ajili ya kile kiyoyozi.
Majina mengi yamemtoka. Langu huja na kuondoka.
Akasinzia tulipoanza. Akasinzia wakati wa Lutfiya,
aliyezimaliza mizani kumi na sita akaongeza tisa za kwake,
na Mundhir, sijui nani alimtuma,
akamjibu kwa uzi mmoja, upinde ukimtetemeka,
nota ambazo hakuna aliyemwandikia.

Tukafika arobaini.
Fidla zikanasa. Filimbi zikanasa.
Zilezile, zilezile.
Nilikuwa nimeandika: mara nne, kisha songa.
Mara ya tano. Mkono wangu uko juu, haushuki.
Namtazama mama.
Mara ya saba. Watu sitini na saba wananitazama mimi.
Mara ya tisa
jicho likafunguka, na hasira ya mtu mwenye kitunguu motoni,
kidole kikagonga ubao wa kiti,

ko.

Tukaendelea.