Siku ya Arobaini na Moja

Leo siku ya arobaini na moja, na bado huna jina.
Kwenye daftari la zahanati wameandika Msichana, basi.
Baba yako, Hreinn, anakuita Kifungo.
Mama mkwe anakuita "huyu".
Mimi, saa tisa za usiku, chuchu ikiniwaka moto,
nakuita jina ambalo sijamtajia mtu.

Nje theluji imepanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha.
Hapa Siglufjörður jua lilituaga Novemba,
likapita nyuma ya mlima bila hata kugeuka,
na mpaka Januari iishe sisi ni watu wa taa.

Bibi yangu aliitwa Ljótunn.
Ulimi huteleza kwanza, kisha hujikwaa.
Kwa lugha yetu nusu yake ya mwanzo ni "sura mbaya",
na watoto wa shule, unajua walivyo,
hawakuwahi kuhitaji nusu ya pili.

Alikuwa msichana wa heringi: gatini usiku kucha,
kisu kifupi, vidole vimefungwa vitambaa,
akipanga samaki na chumvi, samaki na chumvi.
Pipa likijaa, mtu alimdondoshea kipande cha bati ndani ya buti.
Alfajiri akivua buti, aliumwaga mshahara wake sakafuni,
akauhesabu kwa sauti ili dada zake waamke.
Ndiyo hadithi pekee aliyoisimulia akicheka.

Kisha heringi wakatoweka baharini, wasichana wakatoweka gatini,
yeye akabaki, na mikono yake, na jina.

Siku zake za mwisho alinishika kidole hiki:
"Hili nazikwa nalo. Usimvishe mtoto wa mtu."
Nikasema ndiyo.
Nani humbishia mtu anayeondoka?

Wanasema huku, marehemu akitaka jina lake lirudi
humwendea mjamzito ndotoni kuliomba.
Nilimngoja miezi tisa, nikilala mapema makusudi.
Alikuja mara moja tu. Alikuwa anatafuta miwani.
Ilikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe.
Nikamwonyesha, akaguna, akaondoka.
Sasa niambie wewe: hiyo ni ruhusa?

Hreinn amebandika orodha kwenye friji.
Birta. Íris. Majina mazuri, yasiyo na harufu.
"Usimvishe binti yangu tusi," anasema, na hana kosa.
Mama mkwe anashauri tuliweke katikati,
lifichwe kama soksi iliyotoboka ndani ya kiatu.

Jana akaja Steinvör, miaka tisini na moja,
mjukuu wake akimsukuma mgongoni ngazi kwa ngazi.
Walipanga mapipa pamoja, yeye na bibi. Siku hizi amesahau
majina ya wanawe, na hata kama amekula.
Nilikuweka mapajani pake. Akakuchungulia sana,
akakushika vidole kimoja kimoja
kama anayetafuta michubuko ya chumvi,
kisha akasema, bila kuulizwa na mtu:
"Ljótunn. Umechelewa. Pipa lako nimelianza mimi."

Hapakuwa na sura mbaya katika neno lile.
Lilikuwa limeshikwashikwa mpaka likalainika,
kama mpini wa kisu.
Hreinn alikuwa mlangoni na sahani za keki. Hakusema kitu.
Wewe ulipiga miayo.

Jina jema hung'ara gizani, husemwa.
Lisilo jema, sijui.
Usiku huu nimezima taa, nikalitamka kwa sauti, mara moja, nisikie.
Friji iliendelea kunguruma.
Ukageuza kichwa.
Au ulikuwa unatafuta titi tu.

Bibi, nimevunja ahadi,
au nitaivunja Jumatatu, ofisi zikifunguliwa.
Njoo unigombeze ndotoni ukitaka.
Miwani yako usiisahau.
Umwone vizuri somo yako.